Mgogoro wa maji kati ya serikali kuu na ngazi za chini: mahakama, mapatano au chombo cha bonde?

Mto Malagarasi huanzia karibu na mpaka wa Burundi, hupokea maji ya Moyowosi na ya Ugalla yanayoshuka kutoka upande wa Tabora, hupita Uvinza na hatimaye kuingia Ziwa Tanganyika jirani na Ilagala. Njiani humo kuna ardhioevu iliyoandikishwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Ramsar nchini, yaani chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, lenye hekta milioni 3.25, kuna Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla iliyotangazwa mwaka 2019, kuna mashamba ya mpunga, viwanda vya chumvi vya Uvinza, wafugaji, wavuvi na wafuga nyuki, na juu ya wote hao kuna wizara kadhaa, pamoja na halmashauri ambazo kila moja ina baraza lake la madiwani. Kiangazi kinapokolea, wote huyategemea maji yaleyale. Mgogoro ukizuka, na upande mmoja ukiwa ni chombo cha serikali kuu ilhali upande wa pili ni halmashauri, kijiji au jumuiya ya watumia maji, jambo la kwanza la kuamua ni shauri lipelekwe wapi.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya diwani, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa jumuiya au mwanasheria wa halmashauri aliyekwama hapo. Njia zilizo mbele yake ni tatu: kwenda mahakamani, kukaa mezani na kuandikiana mapatano, au kulikabidhi shauri kwa chombo kinachosimamia bonde zima la mto. Nchi za shirikisho, ambako jimbo na serikali ya taifa kila upande una mamlaka yake ya kikatiba, zimezijaribu njia hizo kwa zaidi ya karne moja, na ndiyo sababu mifano mingi hapa chini inatoka huko. Tanzania haina majimbo. Halmashauri zinatambuliwa na Ibara za 145 na 146 za Katiba, lakini mamlaka yao hutolewa na Bunge kwa sheria, na kinachotolewa na Bunge huweza kuondolewa na Bunge. Tuliliona hilo mwaka 2019, pale Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ilipounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na huduma hiyo ikatoka mikononi mwa halmashauri. Kwa hiyo mfano wa nje hauwezi kuhamishiwa hapa mzimamzima, na kila njia itaelezwa kwanza ilivyofanya kazi huko, kisha inavyokaa katika sheria zetu.

Msingi wa sheria zetu

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inasema kwamba maji yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu au taasisi inayotaka kuchepusha mto, kujenga bwawa au kuvuta maji kwa shughuli kubwa huomba kibali cha kutumia maji, na kibali hicho si hati ya kuyamiliki. Katika kugawa, matumizi ya nyumbani hutangulia, yanafuatwa na maji yanayobakizwa mtoni kwa ajili ya mazingira, ndipo shughuli za uchumi zinafuata kwa kadiri ya yaliyopo. Nchi imegawanywa katika mabonde 9, na kila bonde lina bodi yake. Bodi ya Bonde la Ziwa Tanganyika ina makao yake Kigoma mjini. Msomaji wa Tabora aangalie zaidi hapa, kwa sababu mkoa wake haumo katika bonde moja: maji ya Ugalla huelekea Tanganyika, lakini mito ya Igunga, kama Manonga na Wembere, humiminika kuelekea Ziwa Kitangiri, katika Bonde la Kati. Barua iliyopelekwa kwenye bodi isiyohusika hupoteza miezi bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Vigezo vya kupimia

Njia zote tatu zitapimwa kwa maswali yaleyale. Inachukua muda gani na fedha kiasi gani? Uamuzi wake una nguvu gani upande ulioshindwa ukikaidi? Nani ana kiti, na nani anabaki nje ya mlango? Maji yakipungua kuliko ilivyotarajiwa, uamuzi huo unarekebishika? Mwisho, unamfaa nani? Kwa maoni yangu swali la nne ndilo linalosahaulika mara nyingi zaidi, kwa sababu wagombanao hukutana wakati wa hasira, na hasira humfanya mtu afikirie kiangazi cha mwaka huu tu.

Njia ya kwanza: mahakama

Kesi inayotajwa kuliko zote ni ya Winters, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1908. Wenyeji wa asili wa Fort Belknap, katika jimbo la Montana, walikuwa wametengewa ardhi mwaka 1888 kando ya mto Milk. Baadaye walowezi wa juu ya mto wakaanza kuchepusha maji hadi yaliyofika chini yakawa hayatoshi. Serikali ya taifa ilishitaki kwa niaba ya wenyeji, na mahakama ikasema kwamba ardhi ilipotengwa, maji ya kuiwezesha kukalika yalitengwa pamoja nayo hata kama hati haikuyataja. Mwaka 1963, katika kesi ya Arizona dhidi ya California, kanuni hiyo ilipanuliwa ikahusu pia misitu na hifadhi nyingine za taifa. Kwa majimbo, ambayo huendesha daftari zao za haki za maji kwa kufuata aliyetangulia kutumia, hilo lilikuwa pigo: ghafla kukawa na mdai mkubwa ambaye jina lake halimo daftarini, naye akawatangulia wengi waliomo. Bunge la Marekani lilikwisha kufungua mlango mwingine mwaka 1952, liliporuhusu serikali ya taifa kuunganishwa katika mashauri ya mahakama za majimbo yanayopanga haki za mto mzima.

Muda na gharama. Hapa ndipo mahakama inapokuwa dhaifu kabisa. Jimbo la Idaho lilianza kupanga haki za mto Snake mwaka 1987, na hukumu ya mwisho ikatolewa mwaka 2014 baada ya kupitia madai zaidi ya 150,000. Huko Arizona, shauri la mto Gila lililoanza mwaka 1974 limeendelea kwa nusu karne. Watu walizaliwa, wakasomea sheria na kuajiriwa katika kesi ileile.

Nguvu ya uamuzi. Katika hili hakuna kinachoizidi mahakama. Hukumu humfunga hata mwenye madaraka makubwa kuliko mdai, na humpa haki yule ambaye mezani asingepewa hata nafasi ya kusema.

Nani ana kiti. Mwenye kiti ni yule anayetambuliwa kuwa mhusika, na anayetambuliwa huweza kuzuia wengine wote. Mwaka 2024, katika shauri la mto Rio Grande, majimbo ya Texas, New Mexico na Colorado yalikuwa yamekwisha kupatana, lakini serikali ya taifa ikakataa, na Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4 ikasema mapatano hayo hayawezi kupita bila ridhaa yake. Mwaka mmoja nyuma yake, mahakama hiyohiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4 vilevile, iliamua kwamba mkataba wa mwaka 1868 hauilazimishi serikali ya taifa kuchukua hatua za kuwatafutia maji watu wa Navajo. Anayekwenda mahakamani ajue kwamba kuwa na haki na kuletewa maji ni mambo mawili.

Maji yakipungua. Hukumu ikitaja kiasi, kiasi hicho hubaki hadi shauri lifunguliwe upya. Mgogoro wa mto Delaware uliamuliwa mwaka 1931, ukarudi mahakamani na kuamuliwa tena mwaka 1954, na bado majibu yake hayakutosha, kama tutakavyoona.

Hapa kwetu. Mwananchi, kijiji au jumuiya inaweza kuishitaki serikali, lakini kwa masharti. Notisi ya siku 90 hutangulia, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa katika shauri, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 masharti hayo yanahusu pia mashauri dhidi ya halmashauri. Siku 90 ni nyingi kwa mpunga uliokwisha kupandikizwa, na ndiyo maana mawakili huomba Mahakama Kuu zuio la muda, hali ibaki ilivyo wakati notisi ikiendelea kuhesabiwa. Kwa halmashauri yenyewe mlango huu ni mwembamba mno. Tangu mwaka 2018 Wakili Mkuu wa Serikali ndiye anayesimamia mashauri ya serikali na taasisi zake, kwa hiyo halmashauri ikitaka kuishitaki wizara itajikuta inamtafuta wakili katika ofisi ileile itakayomtetea mshitakiwa. Ugomvi wa namna hiyo humalizwa ndani ya serikali, na diwani anayewaahidi wapiga kura wake kwamba baraza litaipeleka wizara mahakamani anaahidi asichoweza kukitekeleza.

Inamfaa nani. Inamfaa mwananchi au kikundi ambacho haki yake yenyewe imekanushwa, si kiasi chake tu: waliofutiwa kibali bila kusikilizwa, au walioondolewa kwenye chanzo bila utaratibu wa sheria kufuatwa. Haimfai anayetaka zamu ya maji ibadilike kabla ya mavuno.

Kuna msomaji atakayeuliza kuhusu baraza maalumu la maji kama yale ya India. Sheria ya India ya 1956 iliyaondoa mashauri ya mito ya majimbo kwenye mahakama za kawaida na kuyapeleka kwenye mabaraza ya muda. Baraza la mto Kaveri liliundwa mwaka 1990, likatoa uamuzi mwaka 2007, uamuzi ukachapishwa katika gazeti la serikali mwaka 2013, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikaurekebisha. Katikati yake, mwaka 2016, magari yalichomwa moto mjini Bengaluru kwa sababu ya maji hayo. Njia iliyobuniwa ili kuikwepa mahakama iliishia mahakamani. Hapa nchini rufaa dhidi ya uamuzi wa bodi ya bonde huenda kwa Waziri, si kwa baraza la namna hiyo, kwa hiyo sijaihesabu kuwa njia ya nne.

Njia ya pili: mapatano

Gharama na urefu wa kesi ndivyo vilivyowasukuma Wamarekani mezani. Tangu mwaka 1978 Bunge lao limeidhinisha mapatano zaidi ya 30 ya haki za maji kati ya jamii za wenyeji wa asili, majimbo, miji, wakulima na serikali ya taifa. Kubwa miongoni mwake ni la jamii ya Gila River huko Arizona, lililopata nguvu ya sheria mwaka 2004. Watu hao walikuwa wakulima wa umwagiliaji tangu zamani, hadi wahamiaji wa juu ya mto walipoyachepusha maji katika karne ya 19 na mashamba yao yakakauka. Mapatano yaliwapa takriban mita za ujazo milioni 800 kwa mwaka kutoka vyanzo mbalimbali, pamoja na fedha za mifereji ya kuyafikisha. Mifereji hiyo ndiyo tofauti kubwa na hukumu. Mahakama hutamka kwamba maji ni yako, lakini haichimbi mfereji. Mezani unaweza kuomba mfereji, lango, kipimo na mshahara wa mtu wa kukilinda.

Muda na gharama. Mapatano makubwa huchukua miaka, wakati mwingine zaidi ya kumi, na bado yanangoja bajeti. Mapatano madogo ya mifereji miwili huweza kukamilika katika msimu mmoja. Gharama kubwa ni posho, usafiri na vipimo, ambavyo kwa kawaida ni nafuu kuliko mawakili.

Nguvu ya uamuzi. Inategemea kilichoandikwa na kilikoandikwa. Mapatano yaliyoingizwa katika sheria yana nguvu ya sheria. Yaliyobaki katika muhtasari wa kikao yana nguvu ya kumbukumbu za waliohudhuria.

Nani ana kiti. Aliyealikwa. Mwaka 1922 majimbo saba ya mto Colorado yaligawana mto huo chini ya uenyekiti wa Herbert Hoover aliyeiwakilisha serikali ya taifa, na hakuna hata jamii moja ya wenyeji wa asili iliyokuwa na mjumbe. Karne moja baadaye madai yao bado yanashughulikiwa. Asiyealikwa hatoweki. Hurudi baadaye akiwa na wakili.

Maji yakipungua. Mkataba huohuo wa Colorado ni onyo. Waliugawa mto kwa vipimo vya miaka iliyokuwa na mvua nyingi kuliko kawaida, wakaipa kila nusu ya bonde zaidi ya mita za ujazo bilioni 9 kwa mwaka, nao mto haujaweza kutoa jumla hiyo kwa muda mrefu. Waliogawana viwango visivyobadilika ilhali mto hubadilika kila mwaka walibaki wakidaiana maji ambayo hayapo. Wangegawana sehemu ya kilichopo, kwa asilimia, wangebaki na ugomvi mdogo zaidi.

Hapa kwetu. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zenyewe kukuza usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro, na sheria ya 2009 inazipa jumuiya za watumia maji kazi ya kutatua migogoro ya wanachama wake kuhusu chanzo wanachokitumia pamoja. Mara nyingi kikao huitishwa na Mkuu wa Wilaya, na watu hutoka wamepatana. Udhaifu wake ni kwamba mapatano hayo humtegemea aliyeitisha kikao. Akihamishwa wilaya nyingine, anayekuja huanza upya, na faili huwa halionekani.

Dawa iko katika namna ya kuandika. Sentensi kama «maji yagawanywe kwa haki baina ya skimu ya juu na ya chini» haina kazi yoyote, kwa sababu kila upande utaondoka ukiamini kwamba haki ni yake. Sentensi yenye kazi husema kwamba kuanzia Julai hadi Oktoba, kina cha maji kwenye kipimo cha darajani kikishuka chini ya alama iliyokubaliwa, lango la banio (mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni) la juu litafungwa Jumatatu saa 12 jioni na kufunguliwa Alhamisi saa 12 jioni. Kwamba funguo mbili za lango zitakaa kwa makatibu wa jumuiya zote mbili, na kufuli haitafunguka bila wote wawili kuwapo. Kwamba atakayevunja zamu atatozwa faini iliyotajwa katika sheria ndogo. Kisha karatasi hiyo ipelekwe kwenye ofisi ya bonde na iombwe iingizwe katika masharti ya kibali cha kila upande. Mapatano yanayopingana na kibali kilichopo huanguka siku mwenye kibali atakapoamua kukitoa kabatini.

Inamfaa nani. Inafaa pale pande zinapokubaliana kwamba kila mmoja ana haki fulani na ugomvi uko kwenye kiasi, zamu au fedha za miundombinu. Haifai pale upande mmoja una nguvu kiasi kwamba hauoni sababu ya kukaa kikaoni. Hapo notisi ya mahakama huwa ndiyo inayouleta mezani.

Njia ya tatu: chombo cha bonde

Mto Delaware ulipofika mahakamani mara ya pili, ilikuwa wazi kwamba majaji hawawezi kuendesha mto. Mwaka 1961 majimbo manne, yaani Delaware, New Jersey, New York na Pennsylvania, yaliunda kamisheni pamoja na serikali ya taifa, kila mmoja akiwa na kura moja. Ilikuwa mara ya kwanza serikali ya taifa ya Marekani kukaa katika chombo cha mto ikiwa sawa na majimbo. Ukame mkali wa miaka ya 1960 uliijaribu mapema: mwaka 1965 kamisheni ilitangaza hali ya dharura na kupanga upya maji yaliyoachiliwa kutoka mabwawani, jambo ambalo kwa mahakama lingechukua miaka.

Australia ilifika huko kwa njia ndefu zaidi. Majimbo ya bonde la Murray yalikuwa na makubaliano na serikali ya taifa tangu mwaka 1914, lakini ukame wa muda mrefu uliovuka kutoka miaka ya 1990 hadi 2009 ulionyesha kwamba kila jimbo limetoa vibali kuliko uwezo wa mto. Sheria ya Maji ya 2007 ikaunda mamlaka moja ya bonde lote la Murray na Darling, na mpango wa mwaka 2012 ukaagiza mto urudishiwe lita bilioni 2,750 kwa mwaka, kwa sehemu kubwa kwa serikali kununua vibali kutoka kwa wakulima waliokubali kuuza. Haikupita kimya. Mwaka 2010, katika mji wa Griffith, wakulima walichoma moto nakala za rasimu hadharani, na mwaka 2019 tume iliyoundwa na jimbo la South Australia ililaumu mamlaka hiyo vikali kwa kutowaachia maji ya kutosha watu wa chini na mto wenyewe. Juu walilalamika kuwa wamenyang'anywa, chini wakalalamika kuwa wamepunjwa.

Muda na gharama. Kukiunda chombo huchukua miaka, lakini kikiwapo, shauri moja huweza kushughulikiwa kwa wiki au miezi. Gharama kwa mlalamikaji ni ndogo. Gharama ya kudumu ni kukiendesha, na chombo kisicho na fedha za kupima mito kinabaki ofisi tu.

Nguvu ya uamuzi. Ni ya kati. Chombo kinaweza kubadili, kusimamisha au kufuta kibali, lakini uamuzi wake hukatiwa rufaa, na dhidi ya taasisi kubwa ya serikali wakati mwingine hubaki barua.

Nani ana kiti. Ndilo swali la kuuliza kabla ya kukipa imani yako. Katika Delaware jimbo huwakilishwa na gavana wake. Hapa kwetu wajumbe wa bodi za mabonde huteuliwa na Waziri, hata pale wanapotoka katika serikali za mitaa. Hilo haliifanyi bodi kuwa mbaya, lakini linaifanya kuwa chombo cha taifa chenye masikio mkoani, na mlalamikaji anayebishana na bodi yenyewe hawezi kuitegemea iwe mwamuzi.

Maji yakipungua. Hapa chombo cha bonde hakina mpinzani, kwa sababu ndicho chenye vipimo na ndicho kinachoweza kupunguza uvutaji wa kila mwenye kibali kwa wakati mmoja.

Hapa kwetu. Faida kubwa ni ukaribu. Mkulima wa bonde la Luiche, nyuma ya Ujiji, anaweza kufika ofisi ya bonde na kurudi siku hiyohiyo. Mipaka yake pia ni wazi: Ziwa Tanganyika lenyewe ni la nchi nne, zilizotia saini mkataba wa kulisimamia mwaka 2003 na kuweka makao ya mamlaka yake Bujumbura, kwa hiyo suala la kina cha ziwa haliishii kwenye ofisi ya Kigoma.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye ugomvi wa uendeshaji unaojirudia kila mwaka, hasa aliye na vipimo mkononi. Haimfai anayetaka kauli ya mwisho kuhusu nani mwenye mamlaka.

Kuchagua kwa kuangalia hali yako

Ikiwa jumuiya yenu ya wakulima na mradi mkubwa wa serikali mnagombania zamu, anzeni na bodi ya bonde, tena mwende na namba. Msimu mmoja wa kuandika kina cha maji kila asubuhi kwenye kipimo kimoja, katika daftari moja, una uzito kuliko mabango. Mkishapata mgao, ugeuzeni kuwa mapatano yenye funguo mbili kama yaliyoelezwa hapo juu, na uingie katika vibali. Iwapo mradi uko chini ya Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, mwakilishi wake atie saini naye, maana ataendelea kuwapo hata mkandarasi akiondoka.

Ikiwa uamuzi wa bodi umekwisha kutoka na hamkubaliani nao, rufaa ni kwa Waziri wa Maji. Someni tarehe za ukomo siku ileile barua inapofika, na muweke ushahidi wa siku mliyoipokea. Kwenda Mahakama Kuu bila kupitia ngazi hiyo ni kumpa wakili wa serikali pingamizi la awali bure.

Ikiwa ni halmashauri inayovutana na wizara au wakala wake, kwa mfano juu ya nani anamiliki kisima, pampu na matangi yaliyojengwa kwa mapato ya ndani kabla ya 2019, mahakama isahaulike. Njia ni Katibu Tawala wa Mkoa, OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa) na Wizara ya Maji, na ushauri wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali uombwe kwa maandishi. Ni mapatano ya ndani ya serikali, nayo yanahitaji orodha ya mali na tarehe kama mapatano mengine yoyote.

Ikiwa ugomvi ni wa bei, njia zote hizi si zenu. Mkazi wa Tabora mjini anayekunywa maji yaliyosafiri kutoka Ziwa Victoria, na anayeona ankara imepanda, hoja yake ni ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji.

Mpaka wa mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, ambamo sheria inakataza shughuli za kudumu za binadamu, ni mgumu zaidi katika mwambao wa Kigoma, kwa sababu katika miaka ya karibuni ziwa limepanda na kufuata viwanja vya watu. Mita hizo zikipimwa kutoka ukingo wa leo, aliyejenga kihalali miaka mingi iliyopita anaonekana amevamia. Hili linahitaji bodi, manispaa na wizara ya ardhi zikae pamoja, ziweke bikoni mahali pamoja na kuandika ni ukingo wa mwaka gani uliotumika. Anayeanza na mahakama katika hili ataulizwa swali hilohilo na hatakuwa na jibu.

Ikiwa mnaishi kando ya hifadhi, kama ilivyo kwa vijiji vya upande wa Ugalla, tenganisheni mambo mawili. Njia ya ng'ombe kwenda kunywa, siku za kuvua na mahali pa kuweka mizinga ni mambo ya mapatano na mamlaka ya hifadhi pale tu sheria ya hifadhi inaporuhusu shughuli hizo, na mapatano hayo hupunguza makali ya kanuni bila kuzivunja. Lakini mkiambiwa kwamba kijiji chenyewe hakina haki ya kuwapo pale, hilo ni swali la haki, na siku zinahesabika. Notisi ya siku 90 itolewe mara moja, ombi la zuio la muda liandaliwe, na hati za kijiji, ikiwamo cheti cha usajili na ramani, zinakiliwe mara mbili kabla ya kikao chochote. Mazungumzo yanaweza kuendelea wakati huohuo. Sheria haimzuii aliyetoa notisi kukaa mezani.